Siku Anselm Alipoishiwa na Visingizio

Nives Brunod aliamka Jumamosi ile akiwa na furaha ya kijinga, ile furaha inayomfanya mtu mzima azungumze na sufuria. Jua lilikuwa halijaugusa mlima, naye alikuwa ameshasuuza glasi ambazo hazikuwa chafu, amebadilisha kitambaa cha meza mara mbili, na amejitazama kwenye kioo cha ukumbini mara nyingi kuliko inavyomfaa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu mwenye nyumba ya wageni ya kuendesha. Leo gari la waya, lile la kuvukia mlima hewani, lilikuwa linafunguliwa. Leo Anselm angekuja na mama yake. Na leo, mbele ya mama yake huyo na mbele ya Mzee Ilario, babake Nives, Anselm angelisema lile neno.

Kijiji kizima cha Champmarel kilikuwa na lake la kufurahia. Sasa mtu angeingia kwenye kibanda cha vioo huku Italia, akapita juu ya barafu amekaa zake kitako, akashuka Stafelmatt upande wa Uswisi na nywele zake hazijavurugika. Wenye hoteli walifurahia wageni. Wazee wasioweza tena kuteleza kwenye theluji walifurahia kwenda kuwaona jamaa zao wa ng'ambo. Nives alifurahia Anselm.

Mapenzi yao yote yaliletwa na lifti, ile ya zamani ya kuwapandisha watelezaji mlimani. Watu wa kuteleza walikuwa wakitoka Uswisi asubuhi, wakavuka kilele cha mpakani na kuteremka Champmarel kula na kunywa, na saa kumi jioni ilikuwa sharti wawe wamepanda lifti ya mwisho kurudi kwao. Ukiikosa, umekwama. Barabara inazunguka milima nusu siku nzima, na theluji ikianguka hakuna dereva atakayekusikiliza. Aliyekwama hulala Champmarel, na watu wa Champmarel humcheka kwanza, halafu humpikia.

Anselm Imseng alikwama mara ya kwanza majira manne ya baridi yaliyopita. Kazi yake ilikuwa uokoaji, kuwateremsha waliovunjika miguu huko juu, na saa za lifti alizijua kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu. Alibisha mlango wa kina Nives theluji imemjaa kwenye nyusi, akasema kwa Kiitaliano kibovu, "Samahani, dada, nimekwama." Jumamosi iliyofuata akakwama tena. Na iliyofuata. Mzee Ilario akaanza kumwekea ndara zake mlangoni, huku akinung'unika, "Uswisi nzima kuna saa moja tu inayochelewa, nayo imekuja kuangukia kwangu."

Nives alijua kwamba hakwami. Alimwona kutoka dirisha la jikoni. Lifti ikikaribia kufungwa, Anselm alikuwa amejibanza nyuma ya kibanda cha tiketi, mikono kwapani, akirukaruka kwa baridi, akiisubiri isimame. Ikishasimama alitoka mbio mpaka mlangoni, ili afike anahema kama mtu aliyeikimbilia akaikosa. Mwanamke gani asingempenda mtu wa namna hiyo? Nives alimpenda kiasi cha kuwa anabandika maji ya kahawa kabla lifti haijasimama.

"Umetia chumvi mara mbili," alimwambia Shangazi Zita asubuhi hiyo. Zita, dada yake Ilario, alikuwa amepanda juu ya kigoda anasonga ugali wa njano kwenye chungu kikubwa cha shaba.

"Mimi nimetia mara moja. Ya pili umetia wewe, tena ukiimba."

"Leo usinichokoze, Shangazi."

"Nani anakuchokoza? Mimi nauliza tu." Zita aliukung'uta mwiko ukingoni mwa chungu. "Miaka minne huyu bwana amelala hapa kwa sababu amekwama. Leo kuna magari ya waya mpaka usiku, moja likitoka jingine linaingia. Sasa atabaki kwa lipi?"

"Kwa sababu anataka."

"Haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nangoja kumwona ameinama, basi. Tangu nimjue namwona amesimama wima."

Nives alicheka, kwa kuwa siku hiyo kila kitu kilimchekesha. "Mama yake magoti mabovu, hawezi kuteleza, ndiyo maana hajawahi kuja. Anselm aliniapia. Gari likifunguliwa atamleta mwenyewe, amkalishe kama malkia, amwambie mbele ya Baba: namwoa Nives, nahamia Champmarel."

"Alikuapia lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Na tangu mwezi wa kumi amesema nini?"

Nives alichukua kisu akaanza kukata jibini. Tangu mwezi wa kumi Anselm hakusema kitu. Alikuja, alikula, alimkumbatia, alilala, akaondoka. Na kila Nives alipolitaja gari la waya, alimziba mdomo kwa busu, naye akaliona busu kuwa ni jibu.

* * *

Bendi ya kijiji ilipiga, padri alinyunyiza maji ya baraka, watu wakapiga makofi kila kibanda kilipoingia stesheni kana kwamba ni ng'ombe bingwa anarudi kutoka malishoni. Nives alisimama mbele kabisa, amevaa gauni la buluu. Kibanda cha tano au cha sita kikafunguka, akatoka Anselm.

Hakumtambua mara moja. Miaka yote hiyo alikuwa amemwona kwenye mabuti ya theluji au kwenye ndara za baba yake. Leo alikuwa na koti la kijivu na viatu vyeusi vinavyong'aa, ndevu zimenyolewa, nywele zimelowanishwa zikalala. Alikuwa mzuri wa kuuma moyo. Alikuwa pia kama mtu aliyekuja kwenye mazishi ya bosi wake.

"Karibu," Nives alimwambia, akanyoosha mikono yote miwili.

Anselm aliutazama ule mkono wa kulia, akaushika, akautikisa. Kama watu wa benki. Nyuma yake akashuka mama yake, Bi Walburga, mwanamke mrefu mwenye fimbo na kidevu cha kuogopesha. Alikuwa na vyumba vya kupangisha watalii kule Stafelmatt, na Kiitaliano chake alijifunza kwa wasichana wanaomfanyia usafi, kwa hiyo kilikuwa cha amri tupu: lete, osha, kunja.

Alimtazama Nives toka utosini mpaka kwenye viatu.

"Huyu ndiye mwenye chumba?" alimwuliza mwanawe. "Yule unayelala kwake ukikwama?"

Nives aligeuka kumtazama Anselm. Alingoja. Alikuwa bado anatabasamu, maskini, maana aliamini kwamba neno litatoka sasa hivi, pale pale, na bendi inapiga.

"Ndiye, Mama," alisema Anselm.

"Asante kwa kumhifadhi," Bi Walburga alimwambia Nives. "Amekusumbua sana. Sasa pumzika. Gari linapita mpaka usiku. Hatakusumbua tena."

Anselm alivitazama viatu vyake vipya. "Ndiyo, Mama," alisema tena, na akacheka kidogo, kicheko kile cha mtu anayetaka mazungumzo yapite. Nives akajiambia labda anangoja wafike nyumbani, maana jambo la heshima husemwa mezani.

* * *

Mezani walikuwa watano. Mzee Ilario alikaa kiti cha mwenye nyumba, Zita akawa anapita na sahani. Walikula ugali wa njano na nyama iliyochemshwa kwenye mvinyo mwekundu, jibini imeyeyuka juu yake, na kwa muda mambo yalielekea kuwa mazuri.

"Kula, Bi Walburga," alisema Ilario. "Kwenu kule mnakula jibini na viazi mpaka mnafanana navyo."

"Baba!" Nives alimkanya.

"Viazi ni chakula cha watu wanaofanya kazi," Bi Walburga alijibu bila kutabasamu, na akaongeza nyama. Zita alimkonyeza Nives: huyu mama anafaa.

Anselm hakuwa anakula. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha mkononi na kukikunjua. Chini ya meza Nives aliusogeza mguu wake mpaka ukagusa wa Anselm, kama walivyozoea. Mguu wa Anselm ukajiondoa taratibu, kwa adabu.

Ndipo Ilario akaenda kuleta kikombe cha urafiki. Hakuna nyumba huku isiyo nacho: kikombe cha mti, cha duara, chenye kifuniko na midomo pembeni, kila mnywaji na mdomo wake. Ndani kuna kahawa ya moto, pombe kali ya zabibu, sukari na maganda ya chungwa. Kinawashwa moto, kinazimwa kwa kifuniko, halafu kinazunguka mkono kwa mkono. Hakiwekwi mezani mpaka kiwe kikavu. Anayekiweka kabla hakijaisha amewatenga waliokuwa wanakunywa, na hata watoto wa Champmarel wanaocheza na vikombe vya plastiki hawafanyi hivyo. Anselm alifundishwa usiku wake wa kwanza kabisa, na tangu siku ile alikuwa akijigamba kwamba mikono yake ni ya Champmarel.

Ilario alikunywa, akampa Zita. Zita akampa Bi Walburga, aliyenusa, akanywa funda moja, akakohoa, akanywa la pili. Kikaja kwa Nives. Aliweka midomo yake kwenye ule mti wa moto na moyoni akasema, Mungu, sasa. Akampa Anselm kwa mikono miwili.

Mzee Ilario akajikohoza. "Haya, kijana. Kikombe kiko kwako. Mimi nimezeeka, sina siri wala sipendi siri. Binti yangu ananiambia una neno la kutuambia leo."

Zita alisimama mlangoni na sahani mikononi. Anselm alikishika kile kikombe, mvuke ukimpanda usoni, na shingo yake ikawa nyekundu kuanzia kwenye kola. Alimtazama Ilario. Alimtazama mama yake. Mtu pekee ambaye hakumtazama ni Nives.

"Nilitaka kusema..." alianza. "Nilitaka kushukuru. Kwa ukarimu. Miaka yote hii."

"Ukarimu," Ilario alirudia.

"Ndiyo. Na... kwamba gari hili litatusaidia sote."

Bi Walburga akaegemea fimbo yake, akainuka. "Nimechoka," alisema. "Anselm. Twende."

Na Anselm akainuka. Akamshika mama yake kiwiko kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akakiweka kikombe mezani. Hakijaisha. Mti uligonga mti, sauti ndogo tu. Zita akapiga ishara ya msalaba. Anselm aliisikia ile sauti, maana mkono wake ulirudi nyuma kidogo kama wa mtu aliyeungua, lakini hakukiinua.

* * *

Nives aliwasindikiza. Angeweza kubaki jikoni akalia kwenye aproni ya shangazi yake, lakini alikuwa na kiburi cha watu wa milimani, na kiburi hicho kilimtembeza mpaka stesheni kichwa kimenyooka. Bi Walburga alienda kukaa kwenye benchi karibu na kioo kikubwa, akawapa mgongo. Vibanda viliingia, vikafungua milango, vikangoja kidogo, vikafunga na kuondoka. Sherehe ilishaisha, vingi vilikuwa vitupu.

"Umekiweka mezani," Nives alisema.

"Nives, ni kikombe tu."

"Kuna siku kilikuunguza ulimi, machozi yakakutoka. Hukukiweka."

"Mama alikuwa anasimama, ningefanyaje? Aanguke?"

"Mama yako alikuwa na fimbo. Aliyekuwa anaanguka ni mimi."

Anselm alijipangusa uso kwa viganja. Alikuwa na mikono mizuri, mipana, iliyokwisha kubeba watu wengi kutoka mahali pabaya. Nives alitamani mikono hiyo imbebe sasa hivi, akajichukia kwa kutamani.

"Humjui mama yangu," Anselm alisema kwa sauti ya chini. "Baba amekufa, dada zangu wameolewa mbali, amebaki na mimi. Mtu wa kwetu kwenda kuishi kwa mke, huku, Italia? Atakufa. Nakwambia atakufa. Nimngojee apoe kidogo. Jumamosi ijayo nitakuja, tutazungumza."

"Utakuja?"

"Nitakuja. Si gari lipo?"

"Na usiku utabaki?"

Akasita. Kusita kule kulikuwa kwa pumzi moja tu, lakini Nives alikuwa amemsoma mtu huyu miaka minne, na pumzi moja ilimtosha.

"Nitamwambia nini?" Anselm aliuliza. "Nimekwama? Hakuna kukwama siku hizi."

"Mwambie umebaki."

"Si rahisi hivyo."

"Ni neno moja, Anselm. Nimebaki. Ulikuwa unagandishwa na baridi nyuma ya kile kibanda cha tiketi..."

"Uliniona?"

"Kila Jumamosi! Nilikuwa nalia kwa furaha juu ya birika. Nilisema, tazama mtu anavyonipenda, anaganda kwa ajili yangu. Mjinga mimi. Hukuwa unanisubiri mimi. Ulikuwa unasubiri lifti ikuamulie."

Anselm alimshika mabega, akamvuta. Harufu yake ilikuwa ile ile, sabuni na nta ya kupaka mbao za kutelezea. "Basi acha nibaki leo," alimnong'oneza kwenye nywele. "Leo tu. Nitampandisha Mama, nitamwambia mlango ulifungwa kabla sijaingia. Nitamwambia nimechelewa."

Alisema hivyo na kibanda kimefungua mlango nyuma yake, na cha pili kinakuja, na cha tatu kinaonekana. Nives alijitoa mikononi mwake. Ilimuuma kujitoa, ilimuuma mwilini kabisa, kama mtu anayebandua ulimi ulionata kwenye chuma chenye barafu.

"Hapana," alisema. "Sitaki tena mtu aliyekwama kitandani kwangu."

Fimbo iligonga sakafu. Bi Walburga alikuwa amesimama nyuma yao, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Acha," alimwambia mwanawe. "Nyamaza. Wewe binti, sikiliza."

"Mama, haya ni mambo ya..."

"Nyamaza, nimesema." Kisha akamgeukia Nives. Alitafuta maneno, na kwa kuwa Kiitaliano chake kilikuwa cha kuamrisha, yalitoka magumu, lakini kidevu kile cha kuogopesha kilikuwa kinatetemeka. "Mimi najua. Miaka minne najua. Mwanangu anapunguza ndevu Jumamosi, anajisugua kwa sabuni, anasema anaenda kuokoa waliovunjika miguu. Nitadhani nini? Mimi ni mbuzi?"

Nives alishindwa kucheka, alishindwa kulia.

"Nilingoja aniambie. Kila Jumapili naweka chakula, nauliza, umelala vizuri? Anasema, nilikwama, Mama. Namuuliza tena wiki nyingine. Nilikwama, Mama. Siwezi kumng'oa neno mdomoni kama jino. Ni mtu mzima." Akagusa bruchi ya fedha, pambo lililobanwa kifuani mwake. "Hii ni ya arusi yangu. Leo nimeivaa. Nilisema, leo ataniambia, na mimi nitampa huyo msichana. Nilipofika nikakuita mwenye chumba. Makusudi! Nilitaka akasirike. Nilitaka aseme, Mama, shika adabu, huyu ni mke wangu. Nikasema hatakusumbua tena. Hakukasirika. Nikasema nimechoka, twende. Akaja."

"Mama..." Anselm alikuwa amebadilika rangi.

"Sikukuzuia, Anselm. Hujawahi kuniuliza, nikuzuie vipi?"

Kuna ukweli ambao ukisemwa kila mtu anatamani ungebaki ulikokuwa. Miaka minne Nives alikuwa na maadui wawili, mlima na mama mkwe, na kila usiku wa upweke aliwalaumu hao. Mlima sasa ulikuwa unavukwa na vikongwe wenye vikapu. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, mkono kwenye bruchi. Nives akamgeukia mwanamume aliyempenda.

"Umesikia," alimwambia. Sauti yake ilitoka taratibu kuliko alivyotarajia. "Hakuna anayekuzuia. Nakuuliza mara moja, sitauliza tena. Unabaki?"

Anselm alifungua mdomo. Nives aliyaona macho yake, yale macho ya kijivu aliyoyaota majira manne ya baridi, na ndani yake kulikuwa na mapenzi. Hilo ndilo lililomuua. Kama asingempenda, lingekuwa jambo la kukasirika tu.

"Naogopa, Nives," Anselm alisema hatimaye. "Jumamosi hapa ni kama sikukuu. Nakaribia mlango wako, nakuwa mtu mwingine. Mtu mzuri zaidi. Nikibaki, Jumatatu itakuja. Utaniona mimi mwenyewe, kila siku, nimenuna, nimechoka. Naiogopa hiyo Jumatatu."

"Jumatatu mimi nafua mashuka," Nives alisema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kushika upande wa pili tukiyakunja. Sikutaka zaidi ya hapo."

"Nipe muda."

"Nimekupa. Ulikuwa unautumia kusubiri lifti."

Alingoja hata baada ya kusema hivyo. Alimpa nafasi ya kukasirika, ya kumshika, ya kuvua vile viatu na kuvitupa. Kibanda kiliingia, kikafungua mlango. Anselm akamtazama, na machozi yakamshuka kweli, yalishuka mpaka kwenye koti la kijivu. Kisha akapiga hatua moja nyuma, na nyingine, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, akaingia kibandani.

Bi Walburga hakumfuata mara moja. Alimbusu Nives mashavuni mara tatu, kwa desturi ya kwao, lakini ile ya tatu aliiacha pale muda mrefu, shavu juu ya shavu, na Nives hakujua ni machozi ya nani yaliyomlowanisha.

"Bruchi siwezi kukupa," mama yule alimnong'oneza. "Ingekuwa dhihaka."

"Najua, Mama."

"Na mimi je? Jumamosi nikija peke yangu, utanipikia ule ugali?"

Nives alitaka kusema hapana. Kumwona mama huyu kila juma, kidevu kile kile, macho yale yale ya kijivu, kungekuwa kujikwaruza kidonda kwa kucha zake mwenyewe. "Nitakupikia," alisema.

Mlango ulianza kulia kile king'ora chake kidogo. Bi Walburga aliingia kwa haraka ya fimbo, akakaa upande unaotazama Champmarel, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Alikiacha hapo kibanda kilipotoka stesheni, kikapita juu ya mapaa na kuanza kuupanda mlima. Nives alimpungia mkono yeye. Anselm alikuwa ameshakaa kitambo, na katika viti vyote vile vitupu alichagua kinachotazama Uswisi.